Punje Tumboni mwa Sekela

Mlango wa chumba cha upasuaji ulikataa kufunguka.

Sekela Mwankenja alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, gauni la kijani limefungwa mgongoni, tumbo limekwisha kuchorwa mistari ya wino wa zambarau pale ambapo kisu kingepita. Muuguzi akakisukuma kitanda tena, akidhani mlango umezubaa. Taa iliyokuwa juu ikageuka nyekundu, kisha sauti ya kike, laini, yenye adabu ya kufundishwa, ikasema:

"Mgonjwa huyu amevunja Kanuni ya Tumbo. Nafasi yake ya upasuaji imesitishwa. Tunampa pole."

"Anayenipa pole ni nani?" Sekela akauliza, akijiinua kwa viwiko. "Ajitokeze nimwone."

Hakujitokeza mtu. Aliyekuwa karibu ni Daktari Tupokigwe Mwambungu, bingwa wa mionzi wa Hospitali ya Loleza. Hakuwa na kazi yoyote mle asubuhi ile, ila alikuwa amemwahidi Sekela kwamba atamsindikiza mpaka mlangoni. Alikuwa bado ameushika mkono wake, mkono mgumu wenye makovu ya cheche, kwa maana Sekela alikuwa fundi wa kuchomelea, na nusu ya mageti ya Uyole yalikuwa yametoka kwenye karakana yake.

"Dokta, wanasema nimevunja nini?"

Kanuni yenyewe haikuwa siri. Kila mgonjwa wa saratani ya tumbo aliyeingia Loleza alisomewa: pombe marufuku, tumbaku marufuku, nyama ya kukaushwa kwa moshi marufuku, tangu siku ya kwanza ya mionzi hadi siku ya kisu. Ambacho Tupokigwe hakukijua ni jinsi mlango ulivyopata habari.

"Dada Sekela, kuna kitu ulikunywa?"

"Mama yangu amekufa," Sekela akasema. "Unajua hilo, ulinipa ruhusa mwenyewe. Tulipomaliza matanga kule kijijini, wajomba wakaweka chungu cha kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, katikati. Kila mtoto wa marehemu avute kwa mrija, ugomvi wetu uishie pale pale. Mimi na kaka yangu tulikuwa hatusemezani tangu tugombee shamba. Akavuta, nami nikavuta. Funda moja, dokta, hata koo halikulowa. Walikuwepo ndugu tu. Nani amesema?"

Mmoja akamtazama mwenzake, kisha wote wawili wakalitazama tumbo lililochorwa.

"Ni ile punje yako," Sekela akasema polepole. Akauvuta mkono wake. "Mtoto wa watu, uliniambia haina mdomo."

*

Tupokigwe alipanda ngazi kwa sababu hakuweza kusimama akisubiri lifti. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto.

Punje ile aliitengeneza yeye. Mionzi ya kabla ya upasuaji ina hekima yake: uvimbe ukipigwa ungali mahali pake, damu ikiwa bado inatembea ndani yake, husinyaa, na mpasuaji anapofika hukuta mpaka ulio wazi wa kukata. Ukingoja hadi tumbo limekwisha kutolewa, utumbo unaporomoka kuziba pengo, nao ndio unaoungua. Shida ni kwamba tumbo halitulii. Linapanda na kushuka kwa kila pumzi, linavimba likishiba, linanywea likiwa tupu, na jirani zake ni ini, moyo na figo. Zamani madaktari walilenga eneo pana wasije wakakosa, na majirani wakaungua kwa kosa lisilo lao. Punje ya Tupokigwe, ndogo kuliko mbegu ya ulezi, ilipandikizwa kando ya uvimbe kwa mpira mwembamba wenye kamera, uliopitishwa kooni. Kuanzia hapo iliiambia mashine, papo kwa papo, tumbo limehamia wapi na limebeba nini, na mwali ukalifuata kama ndama anavyofuata titi.

Limebeba nini. Hapo ndipo wakubwa wa hospitali walipopata pa kushikia. Ili kutofautisha tumbo lenye maji na lenye uji, punje ilibidi ionje. Iliumbwa ionje, ikumbuke, iiambie mashine peke yake. Lakini mawimbi yake ya redio hayana mwenyewe. Atakayetundika kinasa mahali atayasikia, na kwa mwaka mzima Tupokigwe alikuwa ameviona vinasa hivyo vyeupe vikining'inia kwenye zahanati, kwenye madaraja, hata kwenye lango la kanisa la Masoko, akadhani ni vya hali ya hewa.

Profesa Lusajo Kalinga, mwenyekiti wa Baraza la Tiba, alikuwa anamenya chungwa. Ndiye aliyemfundisha Tupokigwe chuoni, na hakuwahi kumpandishia sauti hata siku moja.

"Kaa, Tupo."

"Sikai. Mmeigeuza punje yangu kuwa mmbea."

"Punje ni ya hospitali, binti yangu. Wewe ulipewa mshahara na heshima."

"Nilikuuliza, Profesa! Hapa hapa, mbele ya meza hii, nilikuuliza taarifa zake zinakwenda wapi. Ukaniambia zinafutwa kila jioni."

"Zinafutwa. Kwenye mashine ya mionzi." Akatoa kokwa la chungwa mdomoni, akaliweka pembeni ya sahani. "Hebu nisikilize bila hasira. Nyanda za juu hizi zote zina vyumba viwili vya upasuaji wa tumbo. Viwili. Kila nafasi ninayompa mtu anayejimaliza mwenyewe, ninamnyima mtu anayetaka kuishi. Nimwambie nini huyo wa pili?"

"Mwambie vyumba havitoshi! Mwambie ukweli, kwamba miaka yote mmeshindwa kujenga cha tatu! Ninyi mnamwambia jirani yake ni mlevi, halafu mnalala usingizi."

"Alikunywa au hakunywa?"

"Alimzika mama yake."

"Sijauliza hilo."

"Na mimi nakujibu hilo! Wiki zake za kungoja baada ya mionzi zimekwisha. Ukimrudisha mwisho wa foleni, kovu litakakamaa na uvimbe utaamka. Usiandike kwamba umemwahirisha. Utakuwa umemuua, na mimi ndiye niliyekunolea kisu."

Profesa alifuta vidole kimoja kimoja. "Ana haki ya kusikilizwa, Jumatatu. Punje itasomwa mara ya pili mbele ya Baraza, yeye mwenyewe akiwepo. Usomaji wa pili ukikosekana, hukumu inaanguka na anapasuliwa siku ya pili yake. Kanuni hiyo niliiweka mimi, ili tusimwonee mtu. Unaona? Sisi si wanyama."

Tupokigwe alitoka bila kuaga. Alikuwa amefika katikati ya ukumbi alipogundua kwamba amepewa ufunguo na mtu asiyejua kuwa ameutoa.

*

Punje zilikuwa na neno la siri la kuzimia. Alikuwa amelitia mwenyewe wakati wa majaribio, akihofia siku moja zingepata joto ndani ya watu, na Baraza halikuwahi kulijua. Lilitaka sauti yake na kidole gumba chake juu ya kinasa chochote. Ubaya wake ni mmoja: lilikuwa neno la punje zote kwa pamoja. Hakukuwa na namna ya kuzima ya Sekela ikabaki ya mwingine, na kuichomoa ile moja kwa kamera kungelitoboa tumbo, maana ilikuwa imezama kwenye nyama iliyoungua.

Wagonjwa wengi waliobaki kwenye mionzi wangeweza kumalizia kwa njia ya zamani, ya kushika pumzi: unavuta hewa, unaizuia, tumbo linatulia kidogo, mwali unapigwa, unaachia. Si sahihi kama punje, lakini watu walipona nayo enzi hizo. Mmoja tu ndiye aliyekuwa hatarini. Gwamaka Mwasile, mwalimu wa jiografia kutoka Kyela, alizaliwa na figo moja, nayo ilikuwa ubavu wa kushoto, imeegemea tumbo kabisa.

Alimkuta kwenye kibaraza cha wodi, amejifunika blanketi, anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa. Tupokigwe akavuta kiti, akamweleza yote, bila kuficha hata la kimpumu. Gwamaka alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga kalamu yake.

"Kwa hiyo umekuja kuniomba figo."

"Nimekuja kukueleza, Mwalimu."

"Hapana. Ungetaka kueleza ungeeleza siku ile unanipandikizia kitu hiki. Siku ile uliniambia ni kama kurunzi. Hukuniambia kurunzi ina macho." Sauti yake ilianza kutetemeka. "Nina watoto wadogo wawili. Huyo mama simjui. Amevunja sheria mwenyewe, kwa mdomo wake. Mimi sijagusa hata soda! Nimekula uji wenu unaonuka plastiki, sijala samaki wa nyumbani tangu nifike, ili niwe mtu mwema wa punje yenu. Na bado ni mimi nilipe?"

"Uwezekano wa figo kuumia si mkubwa sana. Nitakulenga mwenyewe, kila siku."

"Lakini upo."

"Upo."

"Basi jibu langu ni hapana." Akafungua daftari, akalifunga tena. "Na nikwambie kitu, daktari. Unaweza kuzima bila kuniuliza, najua, hakuna wa kukuzuia. Kwa nini umekuja? Umekuja ili mimi nikubali, halafu likitokea la kutokea useme, 'Alikubali.' Usiniombe ruhusa ili wewe upate usingizi."

Tupokigwe alihisi uso unawaka kama aliyepigwa kofi. Alitamani kumjibu, alitamani hata kumtukana, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba mwalimu yule alikuwa amesema kweli. Akasimama.

"Sitazima bila wewe," akasema. "Hilo sikuombi. Nakuapia."

"Viapo vyako navijua," Gwamaka akasema, na kurudi kwenye madaftari.

*

Jumatatu ukumbi ulijaa. Wagonjwa walikuwa wamesikia, na walioweza kutembea walikuja na dripu zao. Gwamaka alikuwa amekaa safu ya nyuma, karibu na mlango, kama mtu aliyepita tu.

Sekela alisimama mbele kwa vazi lake la kanisani. Alikuwa amekonda, kola imemlegea shingoni, lakini alisimama wima. Tupokigwe alikuwa amemwambia jana yake kwamba iko njia ya kumtetea: tumbo lenye uvimbe huchachisha uji wenyewe, na punje inaweza kudhani ni pombe. Sekela alikuwa amemkatisha. "Kwa hiyo niseme sikunywa? Nipatane na kaka yangu mbele ya kaburi la mama, halafu nikane?"

Profesa Lusajo akauliza kwa upole, "Mama Mwankenja, ulikunywa pombe ukiwa chini ya Kanuni?"

"Nilikunywa."

Ukumbi ukanong'ona.

"Je, unajutia?"

"Najutia kugombana na kaka yangu miaka yote ile. Kunywa sijutii. Msiba ungerudi leo, ningevuta tena."

Tupokigwe alifumba macho. Alikuwa amekuja na hasira peke yake, na hasira bila silaha ni kelele. Profesa akaitikia kwa kichwa, na kinasa cheupe kilichokuwa ukutani kikawaka kwa ajili ya usomaji. Wakasikia ile sauti laini, yenye adabu.

Ilianza na siku ya kwanza. Kabla ya kufika kwenye pombe ilisoma kila kitu, maana hivyo ndivyo ilivyopangwa. Ikasema Sekela alikula nini na kiasi gani. Ikasema siku alizotapika. Ikasema siku aliyopata habari ya kifo cha mama yake, kwa jinsi asidi ilivyopanda ghafla tumboni saa za mchana na kukaa juu hadi kesho yake. Ikasema hakula. Ikasema hakula tena. Ikasema usiku wa kuamkia mazishi alilamba chumvi, ikapendekeza kwamba huenda ni machozi, kwa kiwango cha uhakika cha wastani.

"Izime hiyo," Sekela akasema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipasuka. "Yanatosha. Nimeshakubali, mnataka nini tena? Hayo ya mama yangu ni yangu!"

"Kanuni inataka isomwe yote, mama," Profesa akasema. "Ni kwa faida yako."

Sauti ikaendelea. Mwanamke aliyekuwa ameketi karibu na dirisha akaweka mkono juu ya tumbo lake mwenyewe, akalifinya, kama anayeziba mdomo wa mtoto. Mwingine akafanya vilevile. Kiti kikaburuzwa nyuma ya ukumbi.

"Daktari!"

Alikuwa Gwamaka. Alikuwa amesimama, blanketi limemwanguka miguuni, macho mekundu.

"Mwalimu, subiri zamu yako," mjumbe mmoja akasema.

"Sina zamu. Naongea na daktari." Hakumtazama Profesa, hakumtazama hata Sekela. "Mke wangu aliponipigia simu kuniambia mtoto anaumwa nikashindwa kula siku nzima, nilijua ni siri yangu na Mungu wangu. Sasa najua kuna mtu aliisikiliza. Nimekuwa mwema, sikugusa chochote, na bado wameniingilia. Zima."

"Mwalimu, figo..." Tupokigwe alianza.

"Ni yangu! Nilikwambia hapana, nikawa na haki. Sasa nakwambia zima, na nina haki hiyo hiyo. Na sikusamehe, usidhani. Zima!"

Profesa Lusajo alikuwa amenyanyuka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Tupokigwe alimsikia akipaza sauti: "Tupokigwe! Usithubutu!"

Hatua zilikuwa chache kutoka kiti chake hadi ukutani. Alibandika kidole gumba kwenye kinasa, akalisema lile neno, neno la kawaida tu, jina la kijito alichokuwa akiteka maji utotoni. Sauti laini ilikuwa imefika "funda moja la", ikakatika. Taa ya kinasa ikazimika. Kuanzia Mbeya hadi ziwani, ndani ya matumbo ya watu waliokuwa wanakula, wanalia, wanalala, punje zikanyamaza zote kwa mpigo.

Hakuna aliyepiga makofi. Sekela alikuwa amekaa sakafuni, analia kwa hasira, na mwanamke wa dirishani akaenda kumshika mabega.

"Usomaji wa pili umekosekana," Tupokigwe akasema. "Kanuni ni yako, Profesa. Isome."

*

Walimfukuza Tupokigwe kazi kabla jua halijazama. Lakini kanuni ilikuwa imeandikwa, na watu waliojaza ukumbi walikuwa wameisikia. Wakakataa kutoka kwenye ngazi mpaka jina la Sekela liliporudishwa. Baraza halikuwa na mtu mwingine aliyejua kulenga mionzi kwa njia ya zamani, kwa hiyo liliandika pia kwamba Daktari Mwambungu atabaki, bila cheo, hadi wagonjwa waliokatizwa wamalize. Baada ya hapo, mahakamani. Profesa Lusajo hakusema naye tena. Walipokutana ukumbini aligeuza uso, na Tupokigwe, aliyedhani angefurahi, aliona bado anataka kumkimbilia na kumpigia kelele.

Asubuhi iliyofuata mlango wa chumba cha upasuaji ulimfungukia Sekela. Wakati huohuo, ghorofa ya chini, Gwamaka alilala kwenye meza ya mashine, mikono juu ya kichwa, mbavu zinaonekana. Tupokigwe alikuwa nyuma ya kioo kinene. Mbele yake palikuwa na picha ya tumbo la mwalimu likipanda na kushuka, na pembeni kivuli cha figo yake moja, kama harage. Hakukuwa tena na kitu cha kuuongoza mwali. Kulikuwa na pumzi ya mtu na kidole cha mtu mwingine kwenye kitufe cha kusimamisha.

Mara ya kwanza Gwamaka aliachia hewa mapema. Tupokigwe akabonyeza, mwali ukakatika. Mara ya pili akakohoa. Ukakatika tena. Jasho lilimtiririka Tupokigwe hadi kwenye kiuno.

Mambo yaliyokuja baadaye yanaweza kusemwa kwa ufupi. Simu ya ukutani ililia kabla ya saa sita, na mpasuaji akamwambia kwamba tumbo la Sekela limetoka na uvimbe wote, kingo safi pande zote, bila chembe ya saratani. Sekela angerudi karakanani kwake, akila kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, akigombana na wateja kama zamani. Uvimbe wa Gwamaka ungesinyaa, naye angepasuliwa, naye angepona. Lakini figo yake ingechubuka. Isingekufa, ingedhoofika, na angemeza dawa zake maisha yake yote, na kila mwezi angelazimika kupanda kutoka Kyela kuja kupima damu. Hangewahi kusema amejuta. Hangewahi kumsalimia Tupokigwe kwa ukunjufu.

Hayo yalikuwa bado mbele. Asubuhi ile walikuwa wawili tu, kioo katikati yao, na jaribio la tatu.

"Mwalimu," Tupokigwe akasema kwenye kipaza sauti, "kwa haya yote, mimi—"

"Usiniambie pole," Gwamaka akasema, akiitazama dari. "Pole zenu nimezisikia. Niambie tu lini nivute."

Tupokigwe akaitazama picha. Tumbo lilishuka, likafika chini kabisa, likatulia.

"Vuta."